Wangapi Kati Yenu Mnaishi Hapa

Asubuhi ya tarehe 27 Desemba 1985, katika jiko la nyumba ya mbao huko Roxbury, Boston, mtoto wa kike wa miaka sita alinisahihisha Kiswahili. Aliniuliza, "Habari gani?" Nikajibu, "Nzuri, mwanangu." Akatikisa kichwa taratibu kama mwalimu mwenye subira, akaniambia leo jibu ni kujichagulia.

Mtoto alikuwa na haki. Ilikuwa siku ya pili ya Kwanzaa, sikukuu iliyoanzishwa na Maulana Karenga huko California mwaka 1966. Ina misingi saba, kila msingi na siku yake, na yote imepewa majina ya Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Ukiulizwa habari, unataja msingi wa siku hiyo. Bibi yake alikuwa ametandika mkeka juu ya meza, ameweka kinara cha mishumaa saba, kikombe cha umoja, na hindi moja lililokauka kwa ajili ya huyo mtoto mmoja aliyekuwamo nyumbani.

Kwetu Handeni, Tanzania, neno kujichagulia lilikuwa la sokoni. Mtu hujichagulia kanga, hujichagulia fungu la nyanya. Sikuwahi kuona likiwashiwa mshumaa. Niliishi na watu wale miaka mitano kabla ya kulielewa kama walivyolielewa wao, na leo, karibu miaka arobaini imepita, ndilo neno linalonirudia kila nikikaa kwenye ukumbi nikasikia mtu anatamka "ushirikishwaji wa wananchi".

Nilikuwa nimefika Agosti kusomea afya ya jamii. Bweni lilinishinda bei, nikaelekezwa kwa bibi wa mtoto yule, mama mjane aliyekuwa akipangisha chumba cha juu, hatua chache kutoka Dudley Street. Alizaliwa South Carolina, akaja kaskazini akiwa msichana, kama walivyokuja mamilioni ya Wamarekani weusi waliokimbia madhila ya kusini. Nilimwita Mama. Yeye aliniita binti yangu, kwa sababu jina langu lilimpa taabu na hakutaka kuliharibu.

Kituo cha Dudley wakati ule kilikuwa juu ya nguzo za chuma, na treni ikipita vioo vya maduka ya chini vilitetemeka. Ukishuka ngazi ukashika njia ya mashariki kwa miguu, ulianza kuona mapengo. Nyumba, nyumba, uwazi. Nyumba, uwazi, uwazi, uwazi. Eneo lile dogo lilikuwa na viwanja vitupu 1,300, na kutoka hapo hadi katikati ya jiji hakufiki maili mbili. Siku ya kwanza nilidhani palipigwa mabomu.

Hapakupigwa mabomu. Benki zilikuwa zimeupaka mtaa rangi nyekundu kwenye ramani zao, maana yake hapa hapakopeshwi. Weupe wenye uwezo wakahamia vitongoji vya nje. Nyumba ambayo haiuziki wala haipati mkopo wa kukarabatiwa ikawa na faida zaidi ikiungua kuliko ikisimama, maana bima ilikuwa inalipa, na miaka ya sabini ikawa miaka ya moto. Mama alizoea kulala na viatu kando ya kitanda, visigino vikielekea godoro, ili miguu iingie moja kwa moja hata gizani. Mwaka 1985 moto ulikuwa umepungua sana, lakini viatu vilikuwa bado pale pale. Nilivikuta kila asubuhi nilipompelekea chai.

Baada ya moto zikaja taka. Malori yalikuja usiku, taa zimezimwa, yakamwaga matofali, matairi, majokofu yaliyoharibika, mafuta machafu, na mabaki ya nyama kutoka kwenye maghala ya jirani. Agosti ile ya kwanza nilifunga dirisha katika joto la kumtoa mtu machozi, kwa sababu kiwanja cha mkono wa kulia kilikuwa na mzoga wa kitu ambacho sikutaka kukijua, na nzi walikuwa wanatua kwenye chandarua cha dirisha kwa sauti ya mvua ndogo. Watoto walichezea humo humo. Mimi niliyekuja kusomea afya nilikuwa mchana nasoma vitabu vya kipindupindu cha nchi maskini, jioni narudi mahali ambapo jiji tajiri limewaachia watoto wake mizoga.

Mkutano wenyewe sikuushuhudia. Ulifanyika Februari 1985, miezi sita kabla sijafika, katika kanisa Katoliki la St. Patrick. Lakini nimesimuliwa mara nyingi kiasi kwamba naweza kukuonyesha alipokaa Mama. Mfuko mmoja wa hisani ulikuwa tayari kutoa fedha, mashirika yakaandaa mpango wa kuufufua mtaa, na siku hiyo wakazi waliitwa waubariki. Bodi iliyopendekezwa ilikuwa na viti vingi vya mashirika na vichache mno vya wakazi. Watu wakausikiliza mpango hadi mwisho. Kisha wakaanza kusimama mmoja mmoja, na swali lililobaki midomoni mwa mtaa mzima lilikuwa hili: ninyi mliokaa mbele, wangapi kati yenu mnaishi hapa?

Mama alipofika hapo kwenye hadithi alikuwa ananyamaza kidogo, anapanga vijiko, halafu anasema: "Hakuna mkono ulioinuka, binti yangu."

Wenye fedha hawakukasirika wakaondoka, na sifa hiyo lazima wapewe. Walikubali kurudi mezani, na bodi iliyotoka humo iliwapa wakazi sauti kubwa kuliko kundi lingine lolote. Viti vya wakazi viligawanywa sawa kwa sawa kati ya makundi manne ya mtaa: Wamarekani weusi, watu wa asili ya Cape Verde, Walatino, na weupe. Chama kikaitwa Dudley Street Neighborhood Initiative. Wao walifupisha herufi tu, DSNI, nami nitafanya hivyo.

Mgao huo nilipoelezwa niliuona kosa la hesabu. Weusi walikuwa wengi, weupe walikuwa wamebaki wachache, wengi wao wazee. Kwa nini wote wapate sawa? Nilimuuliza Mama. Alisema ukihesabu vichwa kila siku, anayeshindwa leo kesho haji, na taka za mlangoni kwake zitabaki palepale, na nzi wake watakuja kwako.

Nilianza kwenda mikutanoni kwa sababu Mama alikuwa mzito wa magoti na alihitaji mtu wa kumshika mkono kwenye barafu. Nikaishia kupanga viti, halafu kuchemsha kahawa, halafu kubisha milango kugawa makaratasi ya mwaliko. Kilichonishangaza zaidi ni lugha. Mkutano ulikwenda kwa Kiingereza, Kihispania na Kikrioli cha Cape Verde. Wakalimani walikaa kati ya watu wao wakinong'ona, na msemaji alitakiwa asimame kila baada ya sentensi mbili tatu ili wamfikie. Jambo la nusu saa lilikula saa nzima. Nilikuwa nakereka mwanzoni. Nikaja kugundua kuwa ule mwendo wa kobe ulikuwa unawafanya watu wasimamapo waseme kitu. Huwezi kupiga porojo ukijua kuna mtu anasubiri kuibeba kila sentensi yako mpaka upande wa pili.

Kulikuwa na mzee mmoja wa Cape Verde, fundi seremala, ambaye hakuwahi kusema neno mkutanoni. Aliposikia natoka Tanzania alivua kofia. Amílcar Cabral, akasema kupitia kwa bintiye, alikuja Dar es Salaam. Ni kweli: mwaka 1965 vyama vya ukombozi vya makoloni ya Ureno vilikutana Dar, na Cabral alikuwepo. Mzee yule aliujua mji wetu kwa sababu hiyo moja tu, na akauheshimu kwa ajili yake. Wiki iliyofuata mkewe alileta sufuria ya kachupa. Nilifunua kifuniko nikaona mahindi na maharage yaliyochemka pamoja mpaka yakalegea, na nikaketi. Yalikuwa makande. Yana kabeji na soseji, ndiyo, lakini ni makande, na nilikuwa sijayala kwa mwaka mzima. Mzee yule na mimi hatukuwa na lugha ya pamoja. Tulikula.

Kampeni kubwa ya kwanza ilikuwa ya taka. Kwa Kiswahili changu ningeiita "Msitumwagie". Kiangazi cha 1986 watu walitoka na majembe, glovu na magari ya kuazima, wakasafisha viwanja, na wakati huohuo wakamwandama Meya Raymond Flynn mpaka jiji likafunga vituo vya taka vilivyokuwa vikiendeshwa mtaani bila kibali. Magari mabovu yaliyotelekezwa yakavutwa. Nakumbuka siku yaliyobebwa yale ya mtaa wetu. Mama alitoka na kiti akakaa kwenye ngazi za mbele, na kila gari lililoinuliwa alilitaja kwa rangi yake na mwaka lilipoachwa hapo, kama mtu anayeaga wageni waliokaa mno.

Sasa niseme kwa nini jambo hili dogo, la kuondoa taka, lilinikaa rohoni kiasi kile.

Baba yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi. Mwaka 1974 viongozi walikuja kijijini kwetu na gari, wakasema tunahamia kwenye kijiji kipya cha ujamaa kando ya barabara, kwamba kuna shule na zahanati na maji. Baba aliamini. Aliimba nyimbo za chama na kuzipenda, na mpaka anakufa alimpenda Mwalimu Nyerere. Ndiye aliyetumwa kupita nyumba kumi zake kuwaambia watu wafungashe. Mkutano ulikuwapo, watu walinyoosha mikono, na mihutasari nadhani inasema wananchi waliafiki. Shamba la korosho la babu likabaki nyuma, mwendo wa saa tatu. Maji hayakuja. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilimwona baba yangu usiku mmoja amekaa nje ya nyumba mpya isiyokuwa na mlango, na hakuna mtu aliyepita kumsalimu.

Neno ujamaa nililisikia tena jikoni kwa Mama, limewashiwa mshumaa wa siku ya nne. Sikusema kitu. Nililia baadaye, chumbani. Neno lilikuwa zuri, na lilikuwa zuri hata kwetu. Wale watu wa Roxbury walilichukua kutoka Tanzania ya Mwalimu kwa upendo mkubwa, wakalilea mbali na vijiji vyetu, na sasa nilikuwa naliona likifanya kazi kwa kuwa mtu alikuwa ameuliza kwanza nani anaishi hapa. Nilimwandikia baba barua ndefu juu ya mikutano ile. Alijibu ukurasa mmoja. Aliuliza balozi wao wanamchaguaje.

Si kila walichotaka walikipata. Novemba 1986 kulipigwa kura ya maoni kama Roxbury na maeneo ya jirani yajitenge na Boston yawe mji wake, mji ambao ungeitwa Mandela, zaidi ya miaka mitatu kabla mwenye jina hajatoka gerezani. Ilishindwa vibaya, hata miongoni mwa weusi. Nyumbani kwetu watu watatu walikuwa na maoni manne juu ya jambo lile, na mjadala uliendelea mpaka Krismasi.

DSNI ilikwenda njia nyingine. Mwaka 1987 ikakamilisha mpango wa mtaa, uliochorwa na wakazi wenyewe katika mikutano mingi ya jioni, juu ya karatasi kubwa zilizobandikwa ukutani. Lakini mpango hauoti kwenye kiwanja cha mtu mwingine. Katikati ya mtaa palikuwa na kipande walichokiita Dudley Triangle, ekari zipatazo 60, karibu nusu yake tupu. Ardhi tupu hiyo ilikuwa imechanganyika: kiwanja hiki cha jiji, kinachofuata cha mtu asiyejulikana aliko, kinachofuata cha anayedaiwa kodi miaka kumi na anasubiri bei ipande. Huwezi kujenga safu ya nyumba kwenye ubao wa bao wenye mashimo yasiyo yako.

Ndipo mawakili waliojitolea wakaleta wazo ambalo mwanzoni liliwatia watu baridi: DSNI iombe mamlaka ya kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma. Wazee waliyajua mamlaka hayo. Ndiyo yaliyotumika mwishoni mwa miaka ya hamsini kuubomoa West End ya Boston, mtaa mzima wa watu wa kipato kidogo, na mengine kama hayo yakaikuta Roxbury. Katika ukumbi ule, neno hilo lilikuwa na sauti ya tingatinga. Mama alisimama, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, akauliza ni nyumba ya nani itakayochukuliwa. Akajibiwa hakuna. Ni viwanja vitupu tu. Akauliza tena. Aliuliza mara tatu, na kila mara wakalimani walilibeba swali lake na kulirudisha na jibu lilelile, kisha akakaa.

Ché Madyun, mkazi, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa bodi, na mkurugenzi wa kwanza Peter Medoff ndiye aliyekuwa akikimbia huku na huko na makabrasha. Novemba 1988 mamlaka ya maendeleo ya jiji ikapiga kura na kukubali. Hakukuwa na chama kingine cha wakazi nchini Marekani kilichowahi kukabidhiwa nguvu hiyo. Baadaye Ford Foundation ikatoa mkopo wa dola milioni 2 wa kununulia ardhi, na mkurugenzi aliyefuata, Gus Newport, aliyewahi kuwa meya wa Berkeley, akaubeba mzigo wa mazungumzo hayo.

Ufundi wa mpango uko hapa, nami nauelezea kila ninapopata msikilizaji. Ardhi haigawiwi kwa mtu. Inamilikiwa na mfuko wa ardhi wa jamii, Dudley Neighbors, Inc., ulioundwa na DSNI. Familia inanunua nyumba, si ardhi iliyo chini yake, na inapewa hati ya kukodi ardhi ya miaka 99 inayoweza kurithiwa. Ukitaka kuuza, unauza, na unapata chako, lakini kwa bei yenye ukomo, ili anayekuja naye awe mtu wa kipato cha kawaida. Anayeranda mitaani kutafuta nyumba za kununua rahisi na kuuza ghali hana pa kushika. Mtu wa Magomeni au Kariakoo aliyeona nyumba ya familia ikigeuka ghorofa la mgeni ataelewa kwa haraka kuliko nilivyoelewa mimi.

Niliondoka mwaka 1990, baada ya tarehe 23 Juni, siku ambayo Nelson Mandela alifika Boston na kuingia shule ya Madison Park hapo hapo Roxbury. Mjukuu wa Mama alikuwa na miaka kumi na moja. Alinishika mkono kwenye msongamano, na sasa mimi ndiye niliyemuuliza habari gani. Hakujibu, alikuwa anapiga kelele pamoja na wote.

Mwaka 2000 profesa wa Harvard, Robert Putnam, alitoa kitabu, Bowling Alone, kinachoonyesha jinsi Wamarekani walivyoacha vyama, mikutano na majirani. Naheshimu hesabu zake, na nchi ile nzima huenda iko alivyosema. Lakini chuo chake kiko ng'ambo ya mto Charles, mwendo mfupi kwa basi kutoka ukumbi ambamo nilipanga viti, na viti vile havikuwahi kutosha.

Nilirudi Juni 2022. Mama alifariki zamani, nami nilipata habari kwa barua, wakati wa mvua za vuli. Njia ya treni ya juu haipo, ilifungwa mwaka 1987 nikiwepo, na uwanja wa Dudley sasa unaitwa Nubian Square tangu 2019, kwa kuwa Thomas Dudley alikuwa gavana wa koloni lililohalalisha utumwa. Nilitembea njia ileile ya mashariki. Nyumba, nyumba, nyumba, bustani ya mboga, nyumba. Zaidi ya nyumba 200 za bei ya wenye kipato cha kawaida ziko kwenye ardhi ya mfuko. Balaa la mikopo ya nyumba la 2008 lilipowafukuza mamilioni kwenye nyumba zao, nyumba hizi karibu zote zilibaki na wenyewe. Kiwanja cha mzoga kina nyumba ya ghorofa mbili yenye kibaraza, na juu ya kibaraza kulikuwa na baiskeli ya mtoto imelazwa kifudifudi. Nilisimama pale muda mrefu kiasi cha kumfanya mwenye nyumba atoke kuniuliza kama nimepotea.

Jioni kulikuwa na mkutano wa mtaa, nikaingia. Mlangoni alisimama kijana na sanduku la vifaa vya kusikilizia tafsiri, siku hizi hakuna kunong'ona. Akaniuliza nahitaji lugha gani, Kihispania au Kikrioli. Kiingereza changu kinatosha, na ningeweza kusema hivyo nikapita. Nilimwambia Kiswahili. Akaangalia orodha yake, akasema hawana bado. Kisha akachukua kalamu, akaliandika neno hilo chini ya mengine, akanitazama tena.

"Mko wangapi?" akauliza. "Mnaishi mtaa gani?"